Mizani ya Kilo Itamnyima Fundi Malighafi

Tangu kanuni za wajibu wa mzalishaji zichapishwe nchini Kenya mwishoni mwa 2024, mjadala kuzihusu umekwama kwenye ada. Waagizaji wa simu, runinga na vifaa vya sola wanauliza watalipa kiasi gani, watamlipa nani, na kama mzigo huo hautaishia mfukoni mwa mnunuzi. Watetezi wa mazingira nao wanafurahi kwamba hatimaye anayeleta kifaa sokoni atagharimia mwisho wake. Hoja zote mbili ni halali, lakini zimelifunika swali ambalo kwa maoni yangu ndilo zito zaidi: kifaa kikishakusanywa kwa pesa hizo, kinapelekwa kwa nani? Kwa fundi atakayekifungua, akitoe kilicho kizima ndani yake na kukirudisha sokoni, au kwenye mashine ya kukisaga ili zipatikane kilo kadhaa za plastiki, chuma na shaba? Kanuni hizi zimepokelewa kama sheria ya usafi. Mimi naziona kuwa sheria ya kuamua nani atamiliki malighafi, na malighafi hiyo ndiyo inayolisha kazi za watu wengi mno jijini Nairobi: Kamukunji, Gikomba, Kariobangi na kwenye vibanda vya Luthuli Avenue. Tukikubali mafanikio ya kanuni hizi yapimwe kwa kilo peke yake, tutaiua biashara ya kufufua vifaa, na pamoja nayo tutafunga mojawapo ya njia nafuu kabisa za kupata umeme wa jua kwa familia ambayo gridi haijaifikia, au imeifikia lakini bili inaishinda.

Tuanze na sheria yenyewe. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 ilimtwika mzalishaji wajibu wa bidhaa yake hadi inapokwisha kazi, na kwa nchi inayoagiza karibu elektroniki zake zote, mwagizaji naye anahesabika kuwa mzalishaji. Kanuni za 2024 zilieleza namna: kampuni inajisajili kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kisha inatimiza wajibu huo yenyewe au inajiunga na wenzake katika mpango wa pamoja wa kukusanya na kushughulikia taka zao. Wakati huohuo, tarehe 1 Januari 2025, marekebisho ya Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa unaosimamia usafirishaji wa taka hatari, yalianza kutumika. Sasa taka zote za kielektroniki, zenye sumu na zisizo na sumu, haziwezi kuvuka mpaka bila nchi inayozipokea kuarifiwa na kukubali kwanza. Sababu za haraka hiyo si za kutafuta. Ripoti ya dunia ya taka za kielektroniki iliyotolewa 2024 ilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo, na asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa inavyotakiwa. Kwa Afrika kiwango hicho kilikuwa chini ya asilimia 1.

Takwimu hiyo ya Afrika inanukuliwa kila mahali, na inasomwa vibaya. Haisemi kwamba asilimia 99 ya vifaa vyetu vibovu vinatupwa. Inasema havipiti kwenye mikono yenye leseni na daftari. Anayeijua Nairobi anajua kwamba runinga iliyokufa haikai nje ya mlango hadi jioni. Itabebwa na mwenye mkokoteni, itauzwa kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu, na kabla ya kufika kwenye mizani yake huenda imeshapita kwa fundi aliyetoa bodi, spika na transfoma. Ukusanyaji ambao nchi tajiri zinautafuta kwa matangazo na masanduku ya barabarani, sisi tunao kwa sababu umaskini umeweka bei kwenye kila kitu. Tunachokosa ni usalama wa kazi yenyewe na mahali pa kupeleka mabaki ambayo hayana mnunuzi. Hilo ni tatizo kubwa, ila ni tatizo tofauti na lile linaloelezwa, na dawa yake ni tofauti pia.

Wala si mara ya kwanza kwa uchakavu kugeuzwa nishati nchini mwetu. Jiko la makaa lenye kitako kipana na udongo ndani, ambalo leo liko karibu kila nyumba ya mjini inayopika kwa makaa, lilianza kuenea miaka ya 1980. Wazo lake lilitokana kwa sehemu na jiko la ndoo la Thailand, na wataalamu walisaidia kulipima na kulirekebisha. Lakini halikusambazwa na kiwanda. Lilisambazwa na mafundi wa jua kali, yaani wa sekta isiyo rasmi, wa Shauri Moyo na Kamukunji, waliokata ganda lake kutoka kwenye mabati na mapipa yaliyokwisha kazi na kuliuza kwa bei ambayo mama wa nyumbani aliimudu. Linaokoa kiasi kikubwa cha makaa kuliko jiko la zamani la bati tupu, na baadaye nchi nyingine za Afrika zililiiga. Mwaka 1985 Rais Moi alipofika Kamukunji na kuahidi mabanda kwa watu waliokuwa wakigonga vyuma juani, alikuwa akikiri kitu ambacho wachumi wa Shirika la Kazi Duniani walikuwa wamekisema katika ripoti yao ya 1972 kuhusu Kenya: kwamba sekta hii haipiti, ndiyo ajira yenyewe. Jiko lile lilifaulu kwa sababu wataalamu walileta kipimo na mafundi wakaleta mikono, soko na malighafi ya bure. Ushirikiano huo ndio ninaoutaka kwenye betri na paneli.

Badala yake tumezoea kushangilia kipaji cha mtu mmoja. Kila baada ya muda mfupi hutokea video ya kijana aliyetengeneza kinu cha upepo au redio kwa takataka, inasambazwa, waziri anapiga naye picha, na habari inaishia hapo. Mfano maarufu kuliko yote ni wa William Kamkwamba wa Malawi, aliyeacha shule kwa kukosa karo wakati wa njaa ya 2001 na 2002, akajenga kinu cha upepo kwa fremu ya baiskeli, feni ya trekta, mabomba ya plastiki aliyoyapasha moto na kuyanyoosha kuwa mapanga, na dainamo ya baiskeli. Ni kazi ya kuheshimika, na nitaiheshimu daima. Lakini isomwe vizuri. Kamkwamba aliweza kwa sababu karibu naye palikuwa na mashine zilizoachwa ambazo hakuna aliyezisaga, na maktaba ndogo iliyokuwa na vitabu vya fizikia. Dainamo ilikuwa muhimu kuliko bahati: altaneta ya gari, ambayo vijana wengi huikimbilia kwanza, huhitaji kuzungushwa kwa kasi kubwa na kulishwa umeme kidogo kabla haijaanza kutoa wake, ndiyo maana vinu vingi vya kienyeji vinazunguka vizuri na taa haiwaki. Anayejua tofauti hiyo anatoa sumaku kwenye mota ya mashine ya kufulia, au anatumia habu ya gurudumu la gari kama beringi ya kinu. Huo ni ujuzi wa kufundishika, na spea zake ni za kununulika, mradi ziwepo.

Upepo, hata hivyo, ni sehemu ndogo ya habari hii. Kiini chake kwa sasa ni betri. Paneli ya sola iliyotengenezwa vizuri hupoteza chini ya asilimia 1 ya nguvu zake kwa mwaka, na inaweza kufanya kazi kwa zaidi ya miaka 20. Betri iliyouzwa nayo inachoka baada ya miaka michache. Matokeo yake ni kwamba mitaani na vijijini kuna paneli nzima zilizoachwa juu ya mabati, zikipigwa na jua bure, kwa sababu kisanduku cha chini kimekufa. Mwenye nyumba anaambiwa anunue mfumo mpya. Fundi anamwambia ampe kisanduku.

Nimewahi kukaa kwenye kibanda kimoja karibu na Luthuli Avenue nikimtazama fundi akifungua betri ya kompyuta ya mkononi iliyotupwa kama mbovu. Ndani yake mlikuwa na seli 6 za mviringo, zile zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Aligusisha mita kila moja. Mbili zilikuwa zimekufa kabisa, hazikuonyesha chochote cha maana. Aliziweka kwenye mkebe wa kando. Nne zilikuwa bado na volti. Hakuzitumia papo hapo. Alizichaji hadi volti 4.2, akaziandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito, akaziweka rafuni kusubiri, kwa sababu, aliniambia, seli inayokula chaji yenyewe ikiwa imelala ni mwongo, itakuja kuchoma nyumba ya mtu. Zitakazoshika chaji baada ya siku kadhaa atazipima uwezo kwa kifaa kidogo, azipange zinazolingana, aziunganishe kwa vipande vya nikeli, na aweke bodi ya kuzuia chaji kupita kiasi. Hesabu yake ni nyepesi. Seli ya aina hiyo ikiwa mpya hubeba takriban wati-saa 8. Ikibaki na asilimia 70 ya uwezo, seli nne zinatoa karibu wati-saa 22, zinazotosha kuwasha taa ya wati 3 kwa takriban saa 7, yaani tangu giza liingie hadi watoto wamelala na baadaye. Vyote hivyo vimetoka kwenye kitu ambacho kwenye mizani kingehesabiwa kama gramu mia tatu za taka hatari.

Hapo ndipo mizani inapokuwa suala la sera. Mpango wa pamoja wa wazalishaji ukiambiwa uonyeshe tani ulizokusanya na kurejeleza, utalipa kwa kilo. Mwenye ghala la vyuma akilipwa kwa kilo hana sababu ya kumruhusu fundi kuchokora mzigo wake, kwa kuwa kila bodi inayotoka inapunguza uzito. Kisheria pia ni salama zaidi kwake kuupeleka mzigo mzima kwenye mashine, maana fundi hana leseni na hatatoa risiti. Kifaa kilichofufuliwa kinageuka hasara kwenye daftari. Haya si mawazo ya kutishia watu. Ulaya wameyapitia. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2012 kuhusu taka za kielektroniki liliweka malengo yake kwa uzito, tena likajumlisha kurejeleza na kuandaa kifaa kitumike tena katika kapu moja. Mipango mingi ikachagua iliyo rahisi, ikasaga. Uhispania iliona kasoro hiyo na mwaka 2015 ikaweka lengo la pekee la vifaa vinavyoandaliwa kutumika tena. Ufaransa ilikwenda mbali zaidi: tangu Desemba 2022, mtu anayepeleka kifaa chake kwa fundi aliyeidhinishwa hupunguziwa gharama ya matengenezo, na pesa hiyo hutoka kwenye mfuko unaochangiwa na wazalishaji wenyewe. Kwa maneno mengine, wajibu wa mzalishaji unaweza kumlipa fundi. Si lazima umlipe mwenye mashine peke yake.

Sasa nizipime hoja za upande wa pili, maana zipo, na moja ni nzito kiasi cha kunilazimisha nibadili sehemu ya pendekezo langu. Hoja hiyo ni ya risasi, yaani madini yenye sumu yaliyomo kwenye betri. Betri za gari na za lori, ambazo bado zinatumika kwenye sola nyingi za kienyeji ingawa hazikuundwa kwa kazi ya kuishiwa chaji kila usiku, zina risasi zaidi ya nusu ya uzito wake. Risasi ina bei, kwa hiyo karibu zote hukusanywa. Shida ni zinakoyeyushiwa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini, na wanaoumia zaidi ni watoto, ambao huathirika akili kabla ya dalili yoyote kuonekana. Mtu anayepasua betri ya risasi nyuma ya nyumba, akamwaga tindikali mferejini na kuyeyusha bamba kwenye sufuria, anawatia sumu watoto wake na wa jirani. Hapa siwezi kumtetea fundi kwa jina la umaskini. Kazi hiyo ipigwe marufuku kwenye vibanda na makazi, na marufuku itekelezwe.

Hata hivyo, wanaoitumia hoja ya risasi kusema kwamba dawa ni kuhamisha kila kitu kwenda viwandani wanalisahau janga letu lenyewe. Owino Uhuru, mtaa wa makazi pale Mombasa, haikuchafuliwa na kibanda. Ilichafuliwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kilichosajiliwa, kilichofanya kazi kando ya makazi kuanzia 2007 hadi 2014. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wake, alipigania wakazi hadi akatunukiwa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mahakama ya Mombasa iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, Mahakama ya Rufaa ikaitengua 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Miongoni mwa waliobebeshwa lawama pamoja na wenye kiwanda zilikuwa taasisi za umma zilizopaswa kukisimamia. Kwa hiyo leseni haisafishi hewa. Kinachosafisha ni ukaguzi, vipimo vya damu na udongo, na umbali kutoka kwenye nyumba za watu, na hayo yanahitajika kwenye kiwanda kama yanavyohitajika kwenye kibanda.

Hoja ya pili ni ya moto. Seli za lithiamu zikichanganywa bila kupimwa, moja dhaifu ikiunganishwa na zenye nguvu, hupata joto, na zikishika moto hazizimiki kirahisi. Ni kweli, na ni kweli pia kwamba wapo wanaouza betri za sola na powabanki zenye seli zilizokufa zilizofungwa plastiki mpya na maandishi ya uongo juu yake. Wanaharibu jina la mafundi wote. Lakini tofauti kati ya tapeli huyo na yule fundi niliyemtaja ni kipimo: siku za kusubiri, mashine ya kupima uwezo na bodi ya ulinzi. Mashine hiyo ya kupima si ghali. Kinachokosekana ni mtu wa kumtambua anayeitumia na kumfichua asiyeitumia, ili mnunuzi asibaki akibahatisha. Hoja ya moto, ukiifuata hadi mwisho, inadai cheti na lebo. Haidai kibanda kifungwe.

Dhaifu kuliko zote, na bado ndiyo inayosikika zaidi serikalini, ni ile inayosema kwamba wachuuzi wa vyuma ni wezi na ukiwaondoa wizi utakwisha. Januari 2022, baada ya nguzo za laini kubwa ya umeme kutoka Kiambere kwenda Embakasi kuharibiwa na nchi kuingia gizani, Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara yote ya vyuma vikuukuu. Hasira yake ilieleweka. Anayefungua boliti za nguzo ya umeme anahatarisha maisha ya wagonjwa waliolazwa hospitalini. Lakini marufuku ile ilimshika mzoaji wa makopo wa Dandora pamoja na mwizi wa transfoma, ikawakosesha chakula wote wawili bila kuwatofautisha, na baada ya miezi michache ikaondolewa kwa kuwa viwanda vya chuma navyo vinaishi kwa mzigo huohuo. Tayari Kenya ilikuwa na Sheria ya Vyuma Vikuukuu ya mwaka 2015 inayodai leseni na kumbukumbu za anayeuza na anayenunua. Ilikosa utekelezaji tu. Ghana iliijaribu njia ya kufukuza pia. Julai 2021 tingatinga ziliingia Agbogbloshie, Accra, zikaondoa ghala mashuhuri la vyuma na elektroniki. Uchomaji wa nyaya ulitawanyika kwenye mitaa mingine, ambako sasa ni vigumu zaidi kuufikia, kuupima au kuwafundisha wanaoufanya. Ukimfukuza mtu ambaye kazi yake inategemea taka, taka hubaki na mtu hubaki. Kinachotoweka ni anwani yake.

Ipo hoja ya nne ambayo naiheshimu, ya wanaosema kwamba ukarabati ni kisingizio cha Ulaya na Ghuba kututupia mabovu yao. Makontena ya kompyuta zisizowaka yameingia bandarini mwetu kwa jina la mitumba, na waliotoa rushwa ili yapite hawakuwa mafundi. Marekebisho ya Basel yatasaidia, ingawa bado kuna ubishi wa kimataifa kuhusu mpaka kati ya taka na kifaa kilichotumika kinachokuja kutengenezwa. Msimamo wangu ni kwamba anayeleta mtumba wa kielektroniki athibitishe kabla ya meli kuondoka kwamba kila kipande kimepimwa na kinafanya kazi. Malighafi ya fundi wetu isitoke kwenye taka za wengine. Vifaa vilivyokwisha kuingia nchini, na vinavyoingia kila siku vikiwa vipya, vinatosha kumpa kazi kwa miaka mingi.

Haya yanadai nini kwa vitendo? Kwanza, fomu ambazo mipango ya wazalishaji itapeleka kwa NEMA ziwe na safu mbili tofauti: vifaa vilivyorudishwa kazini vihesabiwe kwa idadi, na vilivyosagwa vihesabiwe kwa kilo. Cha kwanza kilipiwe zaidi, kwa sababu kinaokoa zaidi. Rwanda, yenye kituo kikubwa cha taka za kielektroniki Bugesera, imeonyesha kwamba kituo rasmi kinaweza kufufua kompyuta na kuzipeleka shuleni, si kuzibomoa tu. Sehemu ya ada inayolipwa na mwagizaji ifike kwenye kibanda kama malipo ya kupima: fundi akipokea betri 100, akatenga nzima na mbovu, na mbovu akazikabidhi kwa mpango badala ya kuzitupa kwenye pipa la mtaa, amefanya kazi ya mazingira na anastahili ujira wake. Huo mkebe wa seli zilizokufa niliouona kando ya meza ndio pengo lenyewe. Fundi alijua ni hatari, alizitenga kwa uangalifu, lakini hakuwa na pa kuzipeleka.

Pili, ujuzi utambuliwe. Kanuni za sola za mwaka 2012 ziliwagawa mafundi katika madaraja T1, T2 na T3, kuanzia mfumo mdogo wa paneli moja na betri moja hadi mikubwa, na EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati, ndiyo inayotoa leseni hizo. Sioni sababu ya kutokuwa na daraja la mtu anayepima na kuunda upya betri, lenye mtihani wa vitendo ambao mtu aliyejifunzia kibandani anaweza kuufanya bila diploma. Kenya tayari ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini, uanzie hapa. Mwenye daraja hilo aweke lebo kwenye betri anayoiuza: imepimwa lini, ina uwezo gani uliobaki, na nani aliyeipima. Mnunuzi wa Kitui au Siaya akiiona lebo hiyo atajua ananunua nini.

Tatu, na hili litawakera wauzaji wakubwa wa sola, kifaa kilichokwisha kulipiwa kifunguliwe. Mifumo mingi ya lipa polepole ina kufuli la programu linalozima taa malipo yakichelewa. Wakati wa mkopo nalielewa kufuli hilo, kwani bila hilo pengine mkopo usingetolewa. Lakini mteja akimaliza deni, bodi bado inakataa betri isiyotoka kwa kampuni, plagi ni za umbo la pekee, na mchoro wa saketi haupatikani. Mwenye nyumba amemiliki kifaa ambacho fundi wake haruhusiwi kukigusa. Kanuni za wajibu wa mzalishaji zinatoa nafasi ya kulirekebisha hilo bila sheria mpya bungeni: anayefunga kifaa chake kisitengenezeke alipe ada kubwa, na anayetoa michoro, spea na plagi za kawaida alipe ndogo.

Haraka ya haya yote inatokana na pikipiki za umeme. Bodaboda wengi Nairobi sasa wanabadilisha betri kwenye vituo badala ya kujaza petroli, na betri hizo si zao. Ni mali ya kampuni. Betri ya kuendeshea chombo hustaafishwa inapobaki na takriban asilimia 70 hadi 80 ya uwezo wake, kwa sababu umbali unapungua na mteja analalamika. Kwa taa, friji ndogo ya duka au pampu ya bustani, asilimia 70 ni utajiri. Baada ya miaka michache betri za namna hiyo zitaanza kutoka kazini kwa wingi, zote zikiwa mikononi mwa kampuni chache ambazo zitazipeleka popote fomu ya NEMA itakapozielekeza. Mipango ya wazalishaji inasajiliwa wakati huu, na safu za ripoti zake bado zinaweza kuongezwa. Vyama vya jua kali, ambavyo hadi sasa vimekuwa vikiitwa kwenye mikutano hii kama wageni, vidai kiti kabla fomu hizo hazijachapishwa.